Uzi wa Njano wa Kidoti

Nyumba ya Watoto,
Lami Inapoishia, Uzidi Kwenda.
Jumanne, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua. Vipi mapacha, wajukuu zako, bado wanagombania dirisha? Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa ajili ya godoro nililopewa, ambalo naona lilichoka kabla sijazaliwa.

Sisi wanakwaya tulifika salama, tukashuka garini tunaimba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mchungaji alisema tumekuja kuwa mikono ya Bwana. Siku ya kwanza mikono ya Bwana ilishindwa kuwasha moto, watoto wakatuwashia. Mwalimu wa kwaya alikwenda kuchota maji, akarudi na ndoo nusu na viatu vimejaa.

Mimi nilijua zamu yangu itatutoa aibu, maana nilionyeshwa cherehani na rundo la nguo za Jumapili, zote za buluu, zimekatwa kutoka jora moja. Nikakuta kwenye kila ukosi uzi unaning'inia, huu mwekundu, ule mweupe, mwingine wa njano. Unanijua, Shangazi. Uzi unaoning'inia huniwasha mwili. Nikashika mkasi, nikaanzisha pambio, nikazikata nyuzi zote na kuzitupa motoni. Nikajipongeza mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Kumbe kila uzi ulikuwa na mwenyewe! Mama Mlezi, anayeiendesha nyumba hii, humshonea kila mtoto rangi yake siku anapofika, ili ajue sasa ana kwao. Jumapili asubuhi bweni liligeuka mnada. Huyu anavuta, yule analia, na kengele ya ibada inagonga. Mama Mlezi alinitazama, akasema tu, "Fundi, umefanya kazi." Heri angenitukana.

Watoto wakubwa walicheka, yakaisha. Walijipanga foleni nikawashonea upya, kila mmoja akinitajia rangi yake. Mjanja mmoja alitumia nafasi hiyo kujipandisha cheo kutoka kijivu hadi nyekundu.

Kidoti hakucheka. Ni msichana mdogo aliyeletwa karibuni, na tangu aje hajasema na mtu, hulala ameushika ukosi wenye uzi wake wa njano. Sasa aliingia chini ya kitanda akagoma kutoka, hata kula. Roho iliniuma, sikufichi. Tena uzi wa njano ulikuwa umekwisha. Nilipekua kila mkebe, na duka liko mbali huko.

Hapo Shangazi, kaa kitini kwanza. Lile shati la kwaya ulilonitarizia kwa mkono wako, maua ya njano ukosi mzima, ukaniagiza nipige nalo picha nikutumie, nimelifumua. Kila ua nililolitoa nilikusikia ukiniita majina.

Nililala kifudifudi sakafuni, kitambi kikinizuia kuingia uvunguni, nikamshonea uzi kwenye gauni lake pale pale akiona. Aliukagua uzi, akauvuta kwa nguvu, ukashika. Akatoka, akala sahani yake na yangu.

Picha ndiyo hiyo ndani ya bahasha, imetoka papo hapo kwenye kamera ya Mchungaji. Usishangae kuona ukosi wenye matundu na uzi mmoja tu. Kabla haijapigwa, Kidoti alinitazama shingoni, akakimbia kwa Mama Mlezi, akarudi na sindano na kipande kilichobaki cha ule uzi wa njano. Akaniinamisha, akanishona, ukosi pamoja na ngozi kidogo, ndiyo maana nimekunja uso. Kisha akasema, mara ya kwanza kumsikia sauti, "Usiukate. Na wewe wa hapa."

Nililia mbele ya kwaya nzima, Shangazi, na nusu yake tu ilikuwa sindano.

Tulipaswa kuondoka wote Ijumaa hii. Nimemwomba Mchungaji atangulie na wengine, kwamba mimi bado nina zipu za kubadilisha. Hakuna nguo hata moja hapa yenye zipu. Ukiongea na mke wangu, tafadhali mweleze wewe, husikiliza zaidi ukisema wewe.

Nisalimie Mjomba, mapacha na mama yao. Mungu alilaze goti lako salama na azidi kukutunzia mikono inayojua kutarizi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye, shati na yote,

Fundi Mkasi (ndivyo watoto wanavyoniita)