Niliapa kwa Ndoa Yangu, Kabureta Ikaniumbua

Mpendwa mshauri Mama Sikuzani, naomba msaada wako, na kwanza nakuomba usilisome jina langu redioni, maana saa ya kipindi chako hapa Rumonge hata waanika ndagala huwaacha dagaa wao kwa kunguru wakaja kukaa karibu na redio, na wakinijua nimekwisha.

Mimi ni mfanyabiashara wa mawese, nina mke mmoja tu, Mwamini, tuna miaka kumi na mmoja ya ndoa na watoto wanne, na mwaka ule wa uhuru muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliniuzia gari lake dogo la mbio, la Kijerumani, jekundu, milango miwili, moteri nyuma na mizigo mbele, na tangu siku hiyo, Mama, miaka mitano sasa, watu wananiita Bwana Mdachi, yaani Mjerumani, na mimi naitika. Si kiburi cha bure. Marehemu babu yangu aliwabebea Wadachi mizigo enzi zao, akatuambia chuma cha Mdachi hakifi, na ushahidi tunao ziwani humu humu, ile meli yao waliyoizamisha wenyewe wakati wa vita, ikalala chini ya maji miaka minane, ikaopolewa, na mpaka leo inabeba abiria, sasa mtu aliyelelewa na maneno hayo unadhani atasema nini akiguswa gari lake?

Basi miezi miwili na nusu iliyopita nilikuwa sokoni kwenye samaki, na yuko mvuvi mmoja anaitwa Lukeba, ana kamioneti yake ya Kifaransa anayojisifia nayo, akalizunguka gari langu mbele ya watu akasema, "Ndugu, gari gani hii, moteri iko matakoni? Na nani alikuambia iko ya Wadachi yote? Siku hizi hata wao wananunua vitu kwa wenzao." Watu wakacheka, damu ikanipanda, Mama, nikapiga bodi ya gari kwa kiganja nikasema kwa sauti, "Kama mutakuta humu hata kidude kimoja hakikutoka kwa Wadachi, basi Mwamini si muke wangu!" Kicheko kikakatika. Mama mmoja muuza ndagala akasema "astaghfirullah," akafunika beseni lake, na mimi nikawasha gari nikaondoka nikijiona nimeshinda.

Wiki moja baadaye gari likaanza kukohoa, nikampelekea fundi Mulamba, aliyejifunza kazi Bukavu, akafungua nyuma, akapangusa kabureta kwa kitambaa, akaitazama sana, akaniambia taratibu kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Patron, hii iko ya Italia. Imeandikwa, soma mwenyewe." Nikasoma. Nikamwambia fungua na zingine, na ningejua ningemwambia funga, kwa sababu taa zilitoka Uholanzi, betri Ufaransa, buji za kuwashia moto Uingereza, na matairi sikutaka kuyatazama lakini Mulamba akayatazama. Nikamwapisha asiseme. Kisha nikafikiri, labda nikivitoa vitu vyote vya kigeni, kilichobaki kitakuwa cha Wadachi watupu na kiapo changu kitakuwa cha kweli, basi nikaanza kuvitoa kimoja kimoja, nikavifunga kwenye gunia, nikaliweka chini ya kitanda, na gari sasa limekaa juu ya mawe uani, watu wakiuliza nawaambia linapumzika.

Na mke wangu, Mama, sijui kama ni mke wangu. Nalala dukani, nimemwambia kuna wezi wa mawese. Chakula chake nakila nikiangalia chini. Juzi aliponiletea maji ya kunawa, ulimi ukateleza nikamwambia "asante, dada," akanitazama, akaweka birika chini akaondoka. Kwa Sheikh Juma siwezi kwenda, ni mjomba wake Mwamini. Nampenda mke wangu, sijawahi kumwambia lakini nampenda, na kulala kwenye madebe kumenionyesha. Swali langu ni hili: nikiagiza kabureta ya Kijerumani kabisa kutoka Mombasa, ndoa yangu itarudi?

Ni mimi, mwenye kuteseka, Rumonge.

MAMA SIKUZANI ANAJIBU

Ndugu yangu wa Rumonge, jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Gari lako nimeshindwa kulificha, maana mwambao wote huo kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac gari jekundu lililokaa juu ya mawe ni moja tu. Unisamehe.

Pole. Nakuonea huruma kwa dakika moja, kisha nakugombeza.

Umelipanda gari miaka mitano. Umelisifu sokoni, umelisifu misikitini, umepita nalo Kigwena ukawatia kuku wa watu wazimu. Miaka yote hiyo Mwitalia alikuwa anakupimia petroli na Mholanzi anakumulikia njia, na ukasema, "Tazameni ubora wa Mdachi!" Leo umesoma maandishi, umewafukuza wageni wote, na gari haliendi hata kwenda kununua chumvi. Sasa niambie, nani alikuwa analiharibu? Mjerumani ni fundi, bwana, na fundi anajua aliye bora kwa taa na aliye bora kwa kabureta, akamwita, akamketisha mahali pake. Akili hiyo ndiyo uliyoinunua, ukaitia kwenye gunia.

Na ile meli ya babu yako, babu alikuambia aliyeiopoa ni nani? Waingereza. Wadachi walikuwa wameshakwenda zao.

Nikufungue na wewe kidogo? Wewe Mswahili wa Rumonge, unayekula ugali wa muhogo wa Wakongomani kwa samaki mukeke wa ziwa lisilo na mwenyewe. Babu mpagazi namna hiyo, nabahatisha, alitoka Manyema. Bibi labda Ujiji. Kirundi umekipata sokoni na Kifaransa kwa wazungu. Akija mtu na spana kutafuta Urumonge mtupu ndani yako, atakuacha na nini? Siku hizi wako wengi wanaotembea na spana hizo nchini mwetu, wakiuliza huyu katoka wapi, na yule katoka wapi. Usiwe mmoja wao, hata kwa gari.

Lakini hayo ni ya gari, na gari halinisumbui. Kinachoniuma ni Mwamini. Alikuwa wapi ulipoapa? Hakuwa sokoni, hakubishana na Lukeba, hakusema neno juu ya Wadachi. Ungeapa kwa madebe yako ya mawese, ungeapa kwa hizo ndevu zako. Ukamtoa mke wa miaka kumi na mmoja ukamweka rehani kwa kitu ambacho hujawahi hata kukifungua ukaona ndani. Mdomo uliponza kichwa, nawe umeponza kichwa cha mwenzako!

Kabureta ya Mombasa haitamrudisha mke. Achana na Mombasa. Mrudishie Mulamba gunia, afunge kila kitu mahali pake. Na usimwite tena mkeo dada, usimwongezee sheikh kazi. Mimi si sheikh. Nenda kwa Sheikh Juma, ndiyo, huyohuyo mjomba, umweleze kama ulivyotueleza sisi, useme ulichodhani na ulichokusudia. Yeye ataamua kama talaka ilianguka au haikuanguka. Ikiwa ilianguka moja, mume ana haki ya kumrejea mkewe eda ikiwa haijaisha. Atakuaibisha. Utaaibika, utapona.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili sikulitaka kulisema redioni, ila posta ni ya polepole na wewe huna muda. Barua yako haikuja peke yake. Ya Mwamini ilitangulia wiki moja, na mwenyewe kaniruhusu kuisoma. Anasema: "Mama, maneno yake yalinifika siku ileile, vumbi la gari halijatua. Sikulia. Nilianza kuhesabu eda kwa tahadhari. Gari lile silijui, nimelipanda mara mbili, mbele hukaa mawese. Nangoja mume wangu aje aniambie kwa kinywa chake. Akija, nitamsikiliza. Eda ikiisha hajasema, nafunga vitu vyangu naenda kwa kaka yangu Nyanza-Lac. Twahara mbili kati ya tatu zimeshapita. Nahesabu ya mwisho, na siku si nyingi."

Hivyo ndivyo alivyoandika, ndugu yangu, na hiyo ilikuwa wiki moja iliyopita. Funga duka. Anza kwake kabla ya kwa sheikh, na usiende na maelezo ya kabureta. Nenda ukamwambie hilo uliloniandikia mimi, kwamba unampenda. Mimi halinihusu.