Ufunguo wa Akiba wa Msumari

Mei 4

Mdogo wangu mwandishi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mguu niliovunja unauma asubuhi tu. Wewe hujambo? Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Kitabu chako cha pili tumekisoma kwa zamu hapa gereji, klabu nzima ya pikipiki. Katika kile cha kwanza Msumari alikuwa mtu wa pembeni, na kila mtu anajua Msumari ni mimi. Tukasema sasa kapewa kitabu chake, tutakoma! Mdogo wangu, umenikalisha kitako. Kitabu kizima nakunywa chai na kumsifia mwalimu wa chekechea macho yake. Pikipiki sijaiwasha hata mara moja. Mwenyekiti wetu alisinzia mdomo wazi.

Hilo ningelimeza. Lakini ule ufunguo? Unajua desturi yetu: kabla ya safari ndefu unamwachia ufunguo wa akiba yule utakayerudi kwake. Asiye na wa kumwachia haondoki, na ufunguo huo ukipotea, safari imekufa. Wewe umemfanya mwalimu autupe chooni ili Msumari asisafiri, ukayaita mapenzi. Mchumba wangu, fundi cherehani, naye amesoma. Jana kanirudishia ufunguo. "Kama ndugu zako wanataka niwe hivyo, mimi siwezi."

Jumamosi tunavuka mlima, na sina wa kumwachia.

Kaka yako

Mei 6

Kaka yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo ndio sijui.

Una haki. Kitabu kimedorora, hata wasomaji wamenishukia. Lakini nisikilize. Katika kile cha kwanza nilimwangusha Msumari kwenye kona, nikamvunja mguu, kwa sababu tu sura ilikuwa imepoa. Kabla mwaka haujaisha ukaanguka wewe, kwenye kona, mguu uleule. Tangu nilipokuona wodini, kila nikitaka kumpandisha pikipiki vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana nikampa chai.

Naogopa, kaka. Usiende.

Mdogo wako

Mei 7

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikucheki. Ila kwenye kona ile yalimwagika mafuta ya lori, si wino wako.

Ufunguo umo ndani ya bahasha hii. Nitunzie wewe. Na mpaka nirudi, tafadhali usiandike kitu chochote chenye kona.

Kaka yako

Mei 12

Kaka,

Shikamoo popote ulipo. U mzima? Nijibu hilo tu.

Wenzako wamerudi jana, nikawa natazama kila anayevua helmeti. Wanasema ulibaki mlimani kumsaidia dereva wa lori aliyekwama, ukawaambia watangulie. Simu yako haipatikani. Mwenyekiti ananiambia nitulie, na huku anafuta tangi lilelile lililokwisha kung'aa. Kesho anapanda kukutafuta. Nampa barua hii.

Ijumaa nilisimama mlangoni pa choo na ufunguo wako mkononi, kama yule mwalimu wangu. Nikashindwa kuutupa. Sasa najuta kwamba nilishindwa.

Mdogo wako

Mei 14

Mdogo wangu,

Marahaba, na mimi mzima! Mwenyekiti kanikuta kwa muuza vipuri wa huku juu, na ndiye anayekuletea barua hii. Tulipokuwa tunasukuma lile lori, ufunguo ulinidondoka, tope likaumeza. Simu nayo ililowa, na huku mtandao haufiki. Pikipiki tuliikokota, imelala uani kwake, na siwezi kuiacha. Niletee ule wa akiba. Afadhali hukuutupa.

Siku zote hizi nimekaa kitako nakunywa chai, kama kitabuni kwako. Inachosha vilevile.

Kaka yako

Mei 15

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimelia mpaka mwenyekiti akatoka nje.

Ufunguo unakuja, ila siuleti mimi. Nilikwenda kwa fundi cherehani, nikamkuta anabadilisha zipu ya koti. Nikamwambia niliyoandika ni hofu yangu tu, hakuna aliyemtaka awe vile. Alishona mpaka zipu ikafika mwisho, ndipo akanyoosha mkono. "Ulete."

Nikampa. Kesho asubuhi anapanda nyuma ya pikipiki ya mwenyekiti, na barua hii nimemtia mfukoni. Kwa hiyo ukifika kwenye mstari huu, inua macho, mwenye ufunguo wako amesimama mbele yako. Na kwenye kona mje polepole.

Mdogo wako