Chembe Inayowaka

Uingereza, 14 Novemba 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila nimechoka. Sukari yako yaendeleaje?

Uliuliza nashinda maabara nikifanya nini. Tunachukua silikoni, ile ya kutengenezea vyombo vya redio, tunailoweka kwenye asidi mpaka itoboke vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiimulika kwa taa maalumu, inawaka rangi ya chungwa kama kaa la moto. Kisha tunaisaga iwe chembe ndogo, na ndani ya vitundu vyake tunatia dawa. Mgonjwa atameza mara moja alfajiri, dawa imtokee kidogo kidogo kutwa nzima. Hapo utafunga Ramadhani bila kugombana na daktari.

Mwanao,
Nasiha

Voi, 29 Desemba 1998

Mwanangu Nasiha,

Marahaba. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, labda wewe na baridi hiyo. Nyinyi huko mwafunga saa za kitoto, jua lachwa alasiri! Huku ni joto na vumbi la malori.

Daktari alinikataza kufunga, ati vidonge ni asubuhi, mchana na jioni. Nikakumbuka maneno yako. Basi vyote vitatu navimeza wakati wa daku, vitoke kidogo kidogo. Ikifika adhuhuri natetemeka, jasho lanitoka mpaka leso yaloa, najua dawa yafanya kazi. Nimefurahi mno. Nafunga kama watu.

Mamako,
Mwanabibi

Uingereza, 11 Januari 1999

Mama,

Shikamoo. Acha kufunga leo hii, nakuomba! Barua yako imefika asubuhi. Nimepiga simu dukani kwa Abdulbasit, hapo mtaani kwenu, inalia tu, hakuna anayeshika. Nimetuma telegramu.

Vidonge vyako si chembe zetu. Vyote vinafanya kazi kwa mpigo, sukari inashuka, na huko kutetemeka ndiyo hatari yenyewe. Nilikuandikia mazuri tu. Sikukwambia kwamba hata chembe zetu zinamwaga dawa yote mara moja. Kuwaka zinajua, kuzuia dawa hazijui. Nimechoka, mama. Nataka kuiacha kazi hii.

Kula chochote, uniandikie.

Mwanao,
Nasiha

Voi, 16 Februari 1999

Mwanangu,

Marahaba. Nimekawia kwa kuwa nililazwa. Nilianguka jikoni nikimenya mihogo ya futari, telegramu yako haijafika. Susan, yule muuguzi jirani yetu wa kutoka Chawia, akanitia maji ya sukari mdomoni, magharibi bado. "Kunywa, Mama Nasiha, Mungu ataelewa." Nilipozinduka nikalia. Maishani sijawahi kula mchana wa Ramadhani mbele za watu.

Sikulaumu. Hamu ya kufunga ilinizidi. Mwisho wa mwaka huu, Ramadhani ikirudi, nitakula mlango nimeurudisha, maana naona haya.

Lakini usiache. Zifundishe subira chembe zako. Siku zikijua, niletee moja. Kama sipo, mpe mwanamke mwingine aliyekatazwa kufunga, asile peke yake nyuma ya mlango kama mimi.

Mkono umechoka. Nawe lala kidogo.

Mamako,
Mwanabibi