Yai Chini ya Bibi Kizee

Shoga, nimeumbuka.

Unamjua Bibi Kizee, yule kuku wa marehemu mama. Wiki nzima anaumwa, namnywesha maji kwa kijiko.

Na unajua kila asubuhi namwekea yai la dukani, ili baba aamini bado anataga, apate faraja.

Leo nimelisukuma chini yake bila hata kumwangalia. Kumbe baba kakaa pale pale pembeni ya banda.

"Mwanangu, amekufa tangu alfajiri."

Nikabaki na mkono ndani ya banda. Amekufa, shoga, na mimi namtagisha.

"Hata mama yako alikuwa akiniwekea ya dukani," baba akasema, "nami nakula kimya kimya. Sasa kesho utaniwekea wapi?"