Nimeondoa Jina la Mtoto

Baba Kidoti,

Sikuulizi hali, ungekuwa mgonjwa ungeshapiga simu. Sisi tupo. Kidoti ameota jino jingine, na friji ilikufa wiki iliyopita.

Nimeona ulichoongeza kwenye lugha yetu ya kompyuta. Amri ya kuondoa maneno yanayojirudia kwenye orodha umeipa jina la mtoto. Ati zawadi! Mimi ndiye ninayewaandikia watumiaji maelezo, na wote wanaojaribu toleo jipya wananiuliza, "Dada, hii Kidoti inafanya nini?" Nilipokupigia ukasema watazoea. Mtoto alikuwa begani kwangu analia kwa homa, na hukuuliza hata analia nini.

Amri huitwa kwa kazi inayofanya. Ulinifundisha mwenyewe, enzi zile tunakula sahani moja. Toleo likishatoka Ijumaa, watu watajenga programu zao juu yake na jina halitabadilika tena. Kwa hiyo nimelifuta. Sasa amri inaitwa ondoa_marudio. Ukilirudisha nitalifuta tena, na nitaieleza timu nzima kwa nini.

Mwanangu si pambo la kazi yako. Ukimtaka, mlango unaujua.

Jana alikuja fundi wa friji. Kidoti akamnyooshea mikono, akamwita "baba". Yule kaka akacheka, "Mama, leo nimepandishwa cheo!" Nilitaka kumsahihisha mtoto. Nikaona fundi alivyoweka bisibisi chini na kumnyanyua, nikaacha.

Ni mimi,
Mama Kidoti