Picha ya Ndani ya Tangi

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshaswali na umekaa kitako. Magoti yako je, yamepoa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo siusemi.

Haya si ya kwenye simu, Mama, na wewe ndiye wa kumfikishia Saada. Kampuni ilimwambia kwamba mumewe, Athumani, ametoroka kazini, na mpaka leo haijaifuta kauli hiyo. Sasa nasikia Saada amekwenda kwa kadhi kudai talaka. Mama, Athumani tumempata.

Hapa Omani tunakoroga udongo wa vigae, uji mzito mweupe, ndani ya tangi refu kama nyumba. Hata ukimulika taa huoni ndani. Basi wakaja mafundi, wakalifunga tangi mkanda wa vyuma kiunoni. Umeme unapita kwenye uji, kompyuta inachora: unapozunguka ni buluu, ulipoganda ni pekundu. Ikaonyesha donge chini.

Athumani akacheka. "Salimu, mimi nimekoroga bokoboko la ngano la harusi mtaa mzima wa Dunda, leo televisheni inifundishe chungu?"

"Usisogee, mapanga ya kukorogea yanazunguka."

"Ntagusa tu chini. Nenda katawadhe, shehe."

Unaujua ule mwiko mrefu wa marehemu baba yake, aliokuwa haazimi mtu. Alikuja nao huku. Niliporudi kuswali, nilikuta ndara zake tu kwenye ngazi. Msimamizi akasema katoroka. Nikamwambia, atoroke pekupeku jua hili? Akanifukuza mbele yake.

Kesho yake binti mmoja katika wale mafundi akafungua picha. Kisha akaniita. "Hili la jana," akagusa donge. Kidole kikasogea pembeni, kwenye wekundu mrefu, uliolala. "Hili halikuwepo."

Nikasema innalillahi kabla hajamaliza.

Walipomwaga uji tulimkuta kaushika mwiko kwa mikono miwili. Mapanga yaliudaka, naye hakuuachia. Angeuachia tu, Mama.

Nilimwosha mimi na Wapemba wawili. Udongo uligoma kutoka ndevuni, tukabadilisha maji mpaka imamu akasema inatosha, Mola anamjua. Tukamswalia, tukamzika hukuhuku.

Donge lilikuwepo kweli, pale pale picha ilipoonyesha.

Nisalimie mjomba muuza nazi, na shangazi wa Mapinga aniombee. Kwa Saada nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwambie asidai talaka, akae eda. Mumewe hakumkimbia. Mwiko ninao, nimeuosha, inshallah nitamkabidhi mkononi.

Mwanao,
Salimu