Kiraka cha Miwani ya Mama

Vallesella di Cadore,
Jumapili, 6 Machi 1994

Mpendwa Fausto,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu shuleni tulifundishwa hivyo, na mimi si mtu wa kuvunja kanuni kwa hasira. Hujambo? Heike na watoto hawajambo? Duka la aiskrimu mmeshalifungua, au baridi ya huko Bochum bado inawafukuza wateja? Sisi hatujambo, ingawa barua yako haikuuliza. Goti langu linauma theluji ikikaribia. Mama anakula vizuri na analala vizuri. Ila haoni.

Barua yenyewe niliipata Jumanne. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Ukurasa mmoja na nusu, na wote ni habari za kiraka. Unauliza Baba alikitiaje kile kipande cha rangi ya asali pale fremu inapokaa puani, na kama huku kumebaki fundi wa kukitoa na kuweka cheusi. Eti mnunuzi wako, mkusanyaji wa miwani ya kale, anasema fremu za gamba la kasa ng'amba zilizochongwa kwa mkono namna hiyo ni adimu, ila kiraka kinaiharibu hii. Ndivyo nilivyojua miwani ya Mama iko wapi.

Mimi nilidhani iko kwa daktari wa macho, Belluno. Si ndivyo ulivyotuambia siku mnaondoka? Nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria ya ugali wa polenta mkononi. "Nipe, Mama, nitaipitisha kwa daktari njiani akaze skrubu. Alhamisi utaletewa." Naye akakuinamishia kichwa uivue, kama mtoto anayevuliwa sweta. Alhamisi ile alivaa gauni lake la bluu akakaa dirishani kumngoja mtu wa posta. Ya pili akavaa, ya tatu akavaa. Ya nne imepita wiki hii.

Halafu unaandika bila haya kwamba lenzi umeshazitoa, "isionekane imetumika". Imekaa usoni pa mama yako miaka thelathini na tisa, Fausto. Ulitaka ionekaneje?

Usiniambie tumnunulie nyingine. Za chuma zinamtoa vidonda nyuma ya masikio, unajua hilo. Ya plastiki niliyoichukua duka la dawa inateleza, kwa sababu pua yake imeinama kushoto tangu alipoanguka ngazi za ghalani akiwa msichana, na Baba aliichonga ile fremu kuifuata pua hiyo. Sijui huyo bwana wako ataitundika kwenye pua gani. Pengine ataiweka kabatini. Basi mwambie kwamba gamba lisipopata mafuta ya ngozi ya mtu linakauka na kufifia, hata likiwa la bei gani.

Akienda kanisani, matangazo ya vifo yaliyobandikwa ukutani ni mimi ninayemsomea. Akicheza karata na Zaira jirani, anazigeuzia dirishani ili azione, na mezani kila mtu anaziona pia. Wanamwachia ashinde. Juzi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Gilda, hawa wananihurumia?"

"Hawajui kucheza tu, Mama," nikamwambia. Umenifanya mwongo kama wewe.

Sasa kiraka. Unaandika, "Nakumbuka Mama aliikalia." Hukumbuki kitu. Mwaka 1961 ulikuwa na miaka tisa. Uliiiba miwani hiyo ukamvalisha mbuzi wa Zaira kuwachekesha wenzako. Mbuzi akatikisa kichwa, miwani ikaangukia mawe. Nilikuwa dirishani, nikamwona Mama akiokota vipande viwili, akikutazama ulivyokuwa unatetemeka, kisha akiingia karakana ya Baba. Baba alishasikia kelele za watoto na alikuwa anafungua mkanda.

"Celeste, nimeikalia," Mama akamwambia Baba.

"Umeikalia? Wewe unayeifungia kwenye kasha hata ukienda chooni?"

"Nimeikalia, nimeshasema. Makalio hayana macho."

Baba alimnunia wiki nzima, na mbele ya mafundi akamwita mzembe. Gamba jeusi lilikuwa limemwishia. Akakata kipande kwenye lile la rangi ya asali alilokuwa akilitunzia miwani yake mwenyewe, ambayo hakuja kuitengeneza. Alikwangua kingo mpaka zikawa safi, akakizungushia kitambaa kibichi, akakibana kwa koleo la moto. Hakuna gundi pale. Gamba limeshikana na gamba, limekuwa kitu kimoja, na fundi yeyote atakayekitoa ataivunja fremu nzima. Hilo ndilo jibu la kitaalamu uliloliomba.

Leo nilienda kwenye misa na barua yako mkobani. Nilikusudia kuisoma kwa sauti pale ngazini, kanisa zima lisikie. Zaira mwenyewe akanifungulia njia, akamuuliza Mama, "Oliva, miwani yako iko wapi? Mwezi sasa."

Nikafungua mkoba. Mama akanibana mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nimeikalia," akasema.

"Tena? Makalio hayo yapelekwe polisi."

Wakacheka wote, na Mama akacheka nao. Nikafunga mkoba.

Njiani nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Alhamisi ya kwanza. Alimpigia daktari simu mimi nikiwa sokoni, na daktari hakuwa na miwani yoyote.

"Sasa lile gauni la bluu Alhamisi zote hizo lilikuwa la nini?"

"Lilikuwa kwa ajili yako," akasema. "Ungejua, ungemgombeza mdogo wako."

Nilimshika mkono mpaka nyumbani kwa sababu haoni barafu. Nina hasira nawe, Fausto, kuliko siku yoyote tangu tuzaliwe. Mara ile alikukingia mkanda. Mara hii Baba hayupo, lakini nipo mimi, na nyuma yangu hakuna wa kukukingia.

Nisalimie Heike, ambaye sidhani kama anajua. Wabusu Silke na Renzo. Zaira anakusalimu, na mbuzi wake angekusalimu pia kama angekuwa hai. Mama hajui kama nakuandikia, lakini angejua angetaka nikuambie uvae soksi za sufu.

Lenzi zirudishie mwenyewe kabla hujatoka, kiraka usikiguse, na uje nayo mkononi, si kwa posta. Mungu akulinde njiani, mlimani bado kuna barafu. Mama atakuwa dirishani, na gauni la bluu nimeshalipiga pasi.

Wako nitakayekupenda tena kuanzia Alhamisi,

Dada yako Gilda